Maneno ya Simu na Kompyuta: Yajue kwa Kazi Yake, Si kwa Jina Tu

Mkazi wa Vitengeni anayejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kupitia *147#, au anayeomba cheti cha maadili mema kwenye eCitizen, hukutana na maneno mengi mageni. Mara nyingi mjukuu, jirani au mhudumu wa saiba ndiye humsomea na kumwelezea kwa Kiswahili chepesi au Kigiriama. Msaada huo ni mwema. Hata hivyo, neno likibadilishwa visivyo, mkazi anaweza kupoteza pesa, kukosa huduma au kukubali jambo asilolijua.

Majina mengi, kitu kimoja

Nywila, neno la siri na pasiwedi ni kitu kimoja: ufunguo wa akaunti. Tarakilishi ni kompyuta. Arafa ni ujumbe mfupi au SMS. Hapa mtu anaweza kutumia neno lolote linaloeleweka nyumbani kwake bila madhara.

Jina moja, vitu viwili

PIN ya M-Pesa ni tarakimu nne za siri. Haipaswi kuambiwa mtu yeyote, hata ajenti. PIN ya KRA ni tofauti kabisa: ni utambulisho wa mlipa ushuru, wenye herufi na tarakimu 11, na ya mtu binafsi huanza na herufi A. Mwajiri au ofisi inaweza kuiomba. Kwa hivyo anayeulizwa "PIN yako ni gani?" aulize kwanza ni PIN ipi inayotakiwa. Anayesaidia pia aseme wazi: "nambari ya ushuru" au "nambari ya siri ya M-Pesa".

Nambari ya uthibitisho, ile inayotumwa kwa SMS wakati wa kufungua akaunti, nayo ni siri. Walaghai huibandika majina mengine, kama "nambari ya zawadi" au "nambari ya usajili". Jina likibadilika, kazi yake ni ile ile: anayeipata anaweza kuingia katika akaunti ya mwenyewe.

Maneno yanayofanana lakini si sawa

- Hifadhi ni kuweka fomu ili iendelezwe baadaye. Wasilisha ni kuituma ofisini. Fomu iliyohifadhiwa tu haijafika popote, hata kama imejazwa yote.
- Ghairi ni kuacha jambo kabla halijakamilika. Futa ni kuondoa kilichokwisha kuwekwa, na huenda kisirudi.
- Ondoka ni kutoka kwenye akaunti. Kufunga ukurasa peke yake hakutoshi. Katika kompyuta ya saiba, anayefuata anaweza kukuta akaunti bado iko wazi.

"Nakubali" si "endelea"

Wasaidizi wengi husoma neno hili kana kwamba ni hatua ya kupita tu. Sivyo. Mara nyingi ni ruhusa ya kuchukua na kutumia habari za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya aina hiyo itolewe kwa hiari, na mtu awe ameelezwa inahusu nini. Pia inampa haki ya kuiondoa baadaye. Mzee aliyeambiwa "bonyeza tu hapa" hajaelezwa chochote. Anayeona habari zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, huduma ambayo haina malipo.

Ushauri kwa anayesaidia na anayesaidiwa

1. Soma neno kwanza kama lilivyoandikwa, kisha eleza kazi yake.
2. Anayesaidiwa aulize: "Nikibonyeza hapa, nini kitatokea?" Jibu lisipojulikana, asibonyeze.
3. Nambari ya siri iandikwe na mwenyewe.
4. Baada ya kuwasilisha, tunza ujumbe au nambari ya kumbukumbu inayothibitisha kwamba ombi limepokewa.

Lugha nyepesi ni haki ya kila mkazi, mradi maana ibaki ile ile.