Kamera ya filamu kubwa kwa mfuko mdogo: Mpiga picha wa mandhari wa Dzaleka achague ipi?

Mvua za Malawi zinapokwisha mwezi wa Aprili, hewa ya nyanda za kati husafika na vilima vya mbali huonekana kana kwamba vimesogezwa karibu. Msimu huo ni mfupi. Ifikapo Septemba, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi jekundu huufunika upeo wa macho. Anayetaka kupiga picha za mandhari katika wilaya ya Dowa anaijua hesabu hiyo ya miezi kama mkulima anavyojua yake.

Katika wilaya hiyo, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, ndipo yalipo makazi ya wakimbizi ya Dzaleka. Yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, yakikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo yana zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Tangu mwaka 2014, tamasha la Tumaini limekuwa likiwaleta wageni wenye kamera. Wengi hupiga nyuso na umati, kisha huondoka. Nchi inayowazunguka wakazi, yaani vilima, mashamba ya mahindi na tumbaku, na anga la jioni, hubaki kwa wenyeji wenyewe kuipiga.

Kwa kazi hiyo, kamera ya filamu kubwa ni chombo cha zamani ambacho bado kina wapenzi wake duniani. Swali ni kama mtu mwenye kipato kidogo anaweza kukimudu.

Kamera ya aina hii ikoje?

Ni sanduku lisilopitisha mwanga, lenye lenzi mbele na mahali pa kupachika filamu nyuma. Kipimo kilichozoeleka zaidi ni inchi 4 kwa 5, ambacho eneo lake ni takriban mara 15 ya filamu ndogo ya milimita 35. Mpiga picha huitazama mandhari katika kioo chenye ukungu kilichopo nyuma, ikiwa imepinduliwa kichwa chini. Akisharidhika, huweka kasha la filamu na kupiga kipande kimoja tu. Kwa ukubwa huo, majani ya mti ulio mbali na nyufa za mwamba huonekana bila kukuzwa sana.

Haihitaji betri wala umeme. Daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, aliyekuwa katika msafara wa David Livingstone uliofika Ziwa Malawi Septemba 1859, alipiga picha katika bonde la Zambezi kwa vifaa vya jamii hiyo hiyo, muda mrefu kabla ya kuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar.

Hesabu ianze na filamu

Mnunuzi mgeni huuliza kwanza bei ya kamera, na hapo ndipo anapopotea. Kamera hununuliwa mara moja, lakini filamu hununuliwa kila siku. Kipande kimoja cha filamu mpya ya nyeusi na nyeupe huweza kupita dola 2 za Marekani, na cha rangi ni ghali zaidi. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na kila kinachoagizwa nje kikapanda. Anayetumia akiba yote kununua kamera nzuri anaweza kubaki na pambo la nyumbani.

Zipo njia mbili za kupunguza gharama. Ya kwanza ni karatasi ya kusafishia picha, itumike badala ya filamu. Pakiti ya karatasi 25 za inchi 8 kwa 10 hukatwa na kutoa vipande 100, na kila kipande hugharimu chini ya nusu dola kabla ya nauli na ushuru. Hushikwa chini ya taa nyekundu, hivyo chumba cha giza huweza kuwa chumba chochote usiku, chenye beseni tatu na dirisha lililozibwa. Kasoro yake ni kwamba haioni rangi nyekundu: udongo wa Dowa hutoka mweusi, na anga la buluu hutoka jeupe.

Njia ya pili ni filamu ya eksirei, inayouzwa na wauzaji wa vifaa vya hospitali. Karatasi ya sentimita 24 kwa 30 hutoa vipande vinne. Nyingi zina dawa pande zote mbili, kwa hiyo huchubuka upesi zinapooshwa. Hospitali nyingi zinapohamia mitambo ya dijitali, masanduku yaliyopitwa na tarehe huweza kupatikana kwa bei nafuu.

Mashine ya kukuzia picha haihitajiki. Kipande kilichosafishwa hulazwa juu ya karatasi nyingine, hufunikwa kwa kioo na kumulikwa kwa sekunde chache, kisha karatasi hiyo husafishwa na picha huwa tayari. Aidha, kinaweza kupigwa kwa simu mbele ya dirisha na rangi zake zikageuzwa. Dawa ya mwisho ya kuimarishia picha ikishatumika hubeba madini ya fedha, hivyo isimwagwe karibu na kisima.

Kisha lenzi

Kwa kipimo cha inchi 4 kwa 5, lenzi ya milimita 150 huona karibu kama jicho linavyoona, na ya milimita 90 hupanua mandhari. Ya 150 ndiyo nyingi na nafuu zaidi katika soko la mitumba. Ikibanwa hadi f/32 na kulengwa umbali wa mita 7, kila kitu kuanzia karibu mita 3 na nusu hadi upeo wa macho huwa wazi.

Hapa pana siri inayookoa fedha. Lenzi nyingi za zamani huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu shata zake zimekwama. Lakini karatasi ni nzito wa kupokea mwanga: wepesi wake ni kama ISO 6. Kwenye jua kali, lenzi ikibanwa hadi f/45, picha huhitaji zaidi kidogo ya sekunde moja. Muda huo unatosha kuvua kofia ya lenzi kwa mkono na kuirudisha. Shata mbovu iliyokwama ikiwa wazi si tatizo kwa mpiga picha wa vilima, kwani vilima havikimbii.

Sanduku huja mwisho

Kati ya kamera zilizotengenezwa viwandani, aina tatu hustahili kutazamwa. Intrepid, inayoundwa kwa mbao nyepesi mjini Brighton, Uingereza, tangu mwaka 2014, ni miongoni mwa kamera mpya za bei nafuu, ingawa huuzwa bila lenzi. Graflex za Marekani, zilizotumiwa na wanahabari wa karne iliyopita, hujikunja kama sanduku na ni imara, japo lenzi haiinuki wala kuinama sana. Kamera za studio zinazokaa juu ya reli moja mara nyingi ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu studio zimeziacha. Ni nzito kwa mwendo wa miguu, lakini hubebeka kwa kabaza, baiskeli ya kukodi.

Chaguo la nne ni seremala. Kwa kuwa mandhari iko mbali, kamera haihitaji mvukuto. Masanduku mawili, moja likiteleza ndani ya jingine, hutosha kulenga. Kioo cha nyuma huweza kuwa kioo cha dirisha kilichosuguliwa kwa unga wa msasa na maji. Vitu vya kuagiza ni lenzi na makasha ya filamu. Mbao, gundi na rangi nyeusi hupatikana Lilongwe. Stendi ya miguu mitatu isidharauliwe, maana ikitikisika, lenzi ya thamani haisaidii kitu.

Anayenunua iliyotumika awashe tochi ya simu ndani ya mvukuto akiwa gizani: nukta yoyote ya mwanga ni tundu. Atazame lenzi dhidi ya mwanga kuona ukungu wenye mizizi, kisha ahakikishe kuwa kasha la filamu linakaa bila kucheza.

Mahali pa kusimama

Gharama moja haiandikwi na muuzaji. Sera ya Malawi huwataka wakimbizi kuishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa mijini warejee Dzaleka. Kutoka kwenda kupiga Mlima Nkhoma, kusini-mashariki mwa Lilongwe, ni jambo la kibali na nauli kabla ya kuwa jambo la sanaa.

Kwa hiyo kamera inayofaa ni ile inayoweza kurudi mahali pale pale. Anayepiga kilima kimoja baada ya mvua, wakati wa mavuno na wakati wa moshi, kwa vipande vya karatasi vya nusu dola, atakuwa na kumbukumbu ambayo mgeni wa siku moja hawezi kuipata. Familia nyingi za Dzaleka huishi zikingoja kuhamishiwa nchi nyingine, na zikiondoka hubeba mizigo michache. Picha iliyosafishwa na kuoshwa vizuri hudumu miaka mingi na haipotei simu inapoharibika. Watoto waliozaliwa hapo wataweza kuonesha, popote watakapofika, nchi waliyoiona kila asubuhi.