Zed au Zii: Kanada na Jirani Yake Mkubwa

Sisi tuliofika Toronto katika miaka ya 1970 tulikuja tukijua kwamba herufi ya mwisho ya Kiingereza huitwa zed. Ndivyo tulivyofundishwa skuli, Unguja na Pemba, Mombasa na Dar es Salaam, na tulifurahi kukuta kwamba Wakanada nao husema zed. Furaha yenyewe ilikuwa fupi. Watoto wetu, wakiwa hawajafika hata skuli, walianza kusema zii, kama Wamarekani. Hakuna mtu nyumbani aliyewafundisha. Mwalimu wao alikuwa Sesame Street, na kituo kilichokuwa kikiwaletea kilikuwa Buffalo, ng'ambo ya Ziwa Ontario, katika nchi nyingine kabisa.

Nilidhani jambo hili ni letu sisi wageni. Jirani yangu, mzee wa Kikanada aliyezaliwa Hamilton, akanambia kwamba wajukuu zake nao ni hivyo hivyo, na kwamba mambo haya yamewaudhi Wakanada tangu kabla yeye hajazaliwa. Shirika la utangazaji la taifa, CBC, nalo lilikuwa likionyesha Sesame Street, lakini sehemu za Kispania liliziondoa na kuweka za Kifaransa, maana Kifaransa ndiyo lugha ya pili ya nchi hii. Mtoto aliyekamata stesheni ya hapa alijifunza kuhesabu kwa Kifaransa. Aliyekamata Buffalo alihesabu kwa Kispania. Wa kwangu walihesabu kwa Kispania.

Wahariri wa kitabu chetu wamenitaka niandike juu ya nchi tuliyohamia, basi nimeona niandike juu ya habari hii.

Kanada kwa eneo lake lote ni kubwa kuliko Marekani, lakini kwa watu ni ndogo. Mwaka 1971 ilikuwa na watu wasiopungua sana milioni 22, na jirani yake zaidi ya milioni 200. Tena watu hao hawakutawanyika nchi nzima. Thuluthi mbili hivi wanaishi kilomita 100 au pungufu kutoka mpakani. Mawimbi ya redio hayaulizwi pasi. Katika miaka ya 1970 ukitembea mitaa ya Toronto uliona antena juu ya mapaa zote zimeelekea kusini, kama watu waliosimama kungojea jahazi. Channel 2, 4 na 7 zote zilikuwa za Buffalo. Sisi tulijua nyumba gani imeungua Buffalo usiku wa jana, na hatukujua nani meya wa mji tunaokaa.

Waliokuja mapema waliliona hili. Mwaka 1928 serikali iliunda tume chini ya Bwana John Aird, mtu wa benki, na mwaka 1929 tume ikasema redio iwe huduma ya taifa, kwa kuwa vipindi vingi vinavyosikika vinatoka nje. Kijana mmoja, Graham Spry, akapita akiwaambia watu kwamba wana mawili ya kuchagua katika redio: ama dola yao wenyewe, ama dola ya Marekani. Kwa Kiingereza maneno hayo yana vina vizuri zaidi. CBC ikazaliwa mwaka 1936. Televisheni yake lakini ilichelewa hadi Septemba 1952, na Buffalo ilikuwa na yake tangu 1948, kwa hiyo siku CBC inafungua, watu wa Toronto walikuwa wameshanunua antena, na wameshazigeuza.

Wengine husema Wakanada hupenda vya Marekani kwa sababu ni vizuri zaidi. Mimi nimefanya biashara ya vitambaa miaka mingi na naona jambo ni la bei. Mwenye kiwanda aliyekwisha kuuza robota zake kwao, akarudisha gharama na faida juu, anaweza kukuletea mabaki kwa bei ambayo fundi wa mtaani kwako hawezi hata kununulia uzi. Ndivyo ilivyo mchezo wa televisheni. Marekani hutengeneza kwa fedha nyingi, soko la kwao hulipa zote, kisha stesheni ya Kanada huuziwa haki ya kuuonyesha kwa sehemu ndogo tu ya gharama za kuutengeneza. Mwenye stesheni atakuwa mwendawazimu kutengeneza wake mwenyewe, isipokuwa kama analazimishwa.

Basi wakalazimishwa. Mwaka 1968 iliundwa halmashauri ya kusimamia utangazaji, CRTC, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Pierre Juneau, mtu wa Montreal. Kuanzia tarehe 18 Januari 1971, redio za AM zikatakiwa asilimia 30 ya muziki wanaopiga uwe wa Kikanada. Wenye stesheni walipiga kelele kubwa. Walisema hakuna santuri za kutosha, na zilizopo hazisikiliziki. Wengine walitii kwa hila: walizikusanya nyimbo za Kikanada zote wakazipiga usiku wa manane na alfajiri. Watu wakaziita saa hizo kwa jina la biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa aliye kwenye sarafu ya senti tano. Baadaye sheria ikabidi itaje na saa: Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwango kilipandishwa kikawa asilimia 35.

Sasa, wimbo wa Kikanada ni upi? Hapa ndipo penye utamu. Hawakusema lazima utaje theluji wala magogo. Waliweka alama nne: aliyetunga muziki, anayeimba, mahali uliporekodiwa, na aliyeandika maneno. Ukipata mbili kati ya nne, umepita. Na Mkanada kwa hesabu yao hakuwa raia peke yake, bali hata mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Fikirini maana yake, jamaa zangu. Kama mmoja wetu mwenye kibali chake ataimba taarabu ya Kiswahili, ikarekodiwa hapa Scarborough, basi hata kama muziki na maneno ni vya watu wa Unguja waliokufa zamani, wimbo huo kisheria ni wa Kikanada. Kwa upande mwingine, mwaka 1991 Bryan Adams, aliyezaliwa Kingston, Ontario, alitoa nyimbo alizotunga pamoja na mtu wa nje na kurekodi kwa sehemu kubwa nje, zikahesabiwa si za Kikanada. Nchi nzima ilicheka, yeye alikasirika, na mwaka 1993 kanuni ikarekebishwa kwa ajili ya wanaotunga kwa ushirika.

Wakanada wengi huitaja habari ya Adams kuonyesha upumbavu wa makarani. Mimi naona tofauti. Kipimo kinachohesabu kazi ya watu kitakosea mara moja moja. Kipimo kinachohesabu kama wimbo una roho ya Kikanada kingekosea kila siku, na sisi tungekuwa wa kwanza kutolewa nje. Na kilifanya kazi. Studio zilijengwa, mafundi wakapata kazi, wanamuziki wakaweza kuishi Toronto na Vancouver badala ya kufunga virago kama walivyofanya Joni Mitchell na Neil Young. Tuzo za muziki za nchi hii zinaitwa Juno, na jina hilo limetokana na Juneau huyo huyo aliyelaaniwa na wenye stesheni.

Kwa televisheni ya Kiingereza mambo hayakwenda vizuri hivyo. Santuri moja haina gharama kama mchezo wa saa nzima. Stesheni za binafsi zilitimiza kiwango chao kwa taarifa ya habari na michezo ya mpira, na saa za jioni, watu wanapokaa na chai yao, zikabaki za Marekani. Serikali ilijaribu njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 kampuni za kebo ziliamriwa kwamba kipindi kimoja kikionyeshwa saa moja na stesheni ya Marekani na ya Kanada, mtazamaji apewe ile ya Kanada, pamoja na matangazo yake ya biashara. Mwaka 1976 sheria nyingine ikamwondolea mfanyabiashara wa Kanada unafuu wa kodi kwa tangazo analolipeleka stesheni za ng'ambo. Fedha zikabaki nyumbani, ni kweli. Lakini angalieni matokeo: ili upate faida ya kubadilishiwa matangazo, ilikubidi uonyeshe kipindi cha Marekani, saa ile ile aliyoichagua Mmarekani. Ratiba ya Toronto ikawa inapangwa New York. Mwaka 2017 CRTC ilipoacha watu waone Super Bowl pamoja na matangazo ya asili, kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na Desemba 2019 wenye stesheni wakashinda.

Kisa kimoja lazima nikitaje, maana hunichekesha mpaka leo. Mwaka 1980 wachekeshaji wa SCTV walitakiwa na CBC waongeze dakika mbili za kitu cha Kikanada hasa. Rick Moranis na Dave Thomas wakaona hayo ni dhihaka, wakajibu kwa dhihaka: wakakaa mbele ya ramani ya Kanada, wamevaa kofia za sufu, wanakunywa bia na kuzungumza upuuzi. Dakika hizo mbili zikapendwa kuliko kipindi kizima. Zikazaa santuri mwaka 1981 na sinema mwaka 1983. Amri ilikuwa ya kijinga, ila bila amri wasingepatikana wale wawili.

Quebec ni habari ya peke yake. Huko lugha ilikuwa boma tosha. Mchezo wa nyumbani, La petite vie, mwaka 1995 ulitazamwa usiku mmoja na zaidi ya watu milioni 4, katika jimbo la watu milioni 7 hivi. Hakuna mchezo wa Kiingereza wa Kanada uliowahi kupata sehemu ya watu wake namna hiyo. Na hata wao hawakuridhika na boma. Redio zao ziliwekewa asilimia 65 ya nyimbo za Kifaransa.

Wazee wetu watakumbuka kwamba haya si mageni kwetu. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoihutubia Tanganyika iliyokuwa jamhuri mpya, alisema wengi wanajua kucheza rumba na cha-cha-cha, akauliza ni wangapi wanaijua gombe sugu au lele mama, kisha akatangaza wizara ya utamaduni. Na sisi wa visiwani tulipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya rangi, wakati Bara walikaa mpaka 1994. Nani angedhani mambo yatageuka? Siku hizi wajukuu zetu hapa hutazama nyimbo na vichekesho vya Dar es Salaam kwenye simu. Mjukuu wangu mmoja alimpigia bibi yake Unguja, akamwamkia "Mambo vipi, bibi?" Bibi alikata simu. Tuliposuluhisha akaniuliza, kwa hasira, nimemlea nani huyo asemaye shule badala ya skuli. Nikamwambia ashukuru, kwani binamu zake wengine hawasemi hata hiyo shule. Hakucheka. Na kusema kweli bibi ana haki yake: Kiswahili cha mjukuu ni Kiswahili, ila hakikutoka kwetu.

Kwa hawa wa simu, antena haina maana tena. Aprili 2023 Kanada ilipitisha sheria ya kuziingiza kampuni za intaneti chini ya CRTC, na Juni 2024 kubwa kati yao ziliamriwa kutoa asilimia 5 ya mapato yao ya hapa kusaidia kazi za Kikanada. Zikaenda mahakamani. Serikali ya Marekani nayo haikufurahi. Mimi sitabiri, ila nimekwisha sikia kelele kama hizi za mwaka 1971.

Nyumbani kwetu tulikuwa na CRTC yetu, nayo ilikuwa mama watoto. Tangu 1979 alitoa amri kwamba televisheni haiwashwi jioni mpaka kanda moja kutoka nyumbani imesikilizwa upande mmoja, dakika 30. Zilikuwa barua za sauti: mama yake akisimulia hadithi, shangazi akigombana na jirani huku kinasa sauti kinazunguka, arusi, maulidi, muuza samaki akipita dirishani. Watoto walinung'unika kama wenye stesheni. Mkubwa leo anasema Kiswahili sawasawa na hadithi zile anazijua kwa moyo. Wa kati anasema kwa kukwamakwama. Wa mwisho anafahamu kila neno na hujibu kwa Kiingereza, na amri ilikuwa moja kwa wote watatu.

Kanda tulizonazo ni 23, za kuanzia 1978 hadi 1986. Utepe umeanza kunata na mbili zimekwisha katika mashine. Mwanangu wa kati huzinakili kwenye kompyuta Jumapili baada ya adhuhuri, na mashine yake inafanya kazi vizuri. Jamaa mwenye kanda za namna hii azilete, aandike juu yake jina la msemaji na mwaka kama unajulikana, asijaribu kuzirudisha nyuma mwenyewe. Upande wa pili wa ile ya hadithi ya Ramadhani 1981 hausikiki kabisa. Nakala zake zilipelekwa London na Maskati wakati ule, na huenda mmoja wenu anayo.