Mabomu na Risasi Chakavu: Kwa Nini Hayatupwi Ziwani Wala Kuuzwa kama Chuma

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Mwezi Novemba 2017, bomu lililodhaniwa kuwa chuma chakavu lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Wanafunzi watano walipoteza maisha na wengine wengi walijeruhiwa. Kwa wananchi wa Kata ya Kasingirima na Manispaa nzima ya Kigoma Ujiji, Ngara si mbali. Mikoa hiyo miwili inapakana na Burundi, na biashara ya vyuma chakavu ipo kote.

Bomu halipoi kwa kuzeeka. Baruti ya risasi na mizinga huoza polepole na kutoa joto. Kiwandani huongezewa kemikali ya kuzuia uozo huo, lakini kemikali hiyo ikiisha baruti inaweza kujiwasha yenyewe, hasa katika ghala lenye joto kali. Shehena ya zamani hupaswa kupimwa mara kwa mara na kuondolewa mapema. Milipuko ya maghala ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania huko Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, ilionesha hasara inayowapata wananchi wanaoishi jirani ghala linapolipuka, iwe kwa sababu yoyote ile.

Njia iliyozoeleka ni kulipua shimoni. Inafaa kwa bomu lisiloweza kusogezwa salama, ila huacha kemikali na madini ya risasi kwenye udongo, na mvua huyasomba hadi mitoni. Kutupa majini ni kubaya zaidi. Uswisi ilitupa maelfu ya tani za zana za kivita katika maziwa yake, na mwaka 2024 ilikuwa bado inashindanisha wataalamu kutafuta namna ya kuzitoa. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake ya chini kabisa hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Nchi nne zinazolizunguka zilisaini mkataba wa kulilinda mwaka 2003.

Njia bora, ingawa ni ghali, ni kuvifungua. Wataalamu hutenganisha kichwa, ganda, baruti na kiwashio. Risasi ndogo huteketezwa ndani ya tanuru lililofungwa, lenye vichujio vya moshi. Shaba, chuma na madini ya risasi huyeyushwa na kurudi viwandani, lakini baada tu ya ukaguzi kuthibitisha kuwa hakuna baruti iliyosalia. Mnunuzi wa vyuma mtaani hana uwezo wa kufanya ukaguzi huo.

Silaha na risasi zinazomilikiwa bila kibali husalimishwa Polisi, na Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa ajili hiyo. Bomu au kitu kinachofanana nalo halibebwi kupelekwa kituoni. Liache lilipo, waondoe watoto, kisha piga simu namba 112 au mjulishe mtendaji wa kata.