Safu za Tarakimu

Habari nyingi huandikwa kwa maneno yafuatanayo, mstari baada ya mstari, na mtu huzisoma kama asikiavyo mwenzake akisimulia. Lakini ziko habari zisizofaa kusimuliwa. Karani wa chama cha ushirika akitaka kuonyesha kila kijiji kimeleta magunia mangapi katika kila mwezi, naye akayataja yote kwa maneno, wasikilizaji watachoka kabla hajafika mwezi wa tatu, wala hapana atakayekumbuka ya mwezi wa kwanza. Basi huyapanga katika jedwali. Majina ya vijiji huteremka upande wa kushoto, majina ya miezi hupita juu, na hesabu hukaa pale kijiji na mwezi vikutanapo. Mtu atakaye hesabu ya kijiji kimoja huipata mara moja, na atakaye kujua kijiji kipi kimewazidi wenzake hutupa jicho tu.

Walakini jedwali halifanyi kazi hiyo kwa kuchorewa mistari peke yake. Yako mambo mawili ambayo watu wengi huyadharau, nayo ndiyo yalifanyayo lisomeke au liwapoteze watu. La kwanza ni mahali tarakimu zinaposimama ndani ya safu. La pili ni umbo la tarakimu zenyewe.

Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba tarakimu hupata thamani yake kwa mahali ilipo. Tarakimu 3 katika mamoja ni tatu. Ikisogea nafasi moja kwenda kushoto ni thelathini. Ikisogea tena ni mia tatu. Njia hii ya kuandika hesabu ilitoka Bara Hindi, Waarabu wakaipokea, na kutoka kwao ikafika Ulaya. Tena ni ajabu kidogo kwamba Mwarabu, ingawa huandika maneno yake kutoka kulia kwenda kushoto, mamoja yake hukaa upande wa kulia kama ya watu wengine. Ndivyo walivyofanya pia waandishi wa pwani ya Afrika Mashariki walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Sasa tazama hesabu za magunia ya vijiji vinne, zilizopangwa vibaya:

9
85
120
1,040

Zote zimeanzia upande wa kushoto, kama maneno. Tarakimu 9, ambayo ni mamoja, imesimama juu ya 8 ya makumi. Ile 8 imesimama juu ya 1 ya mamia. Nayo hiyo iko juu ya 1 ya maelfu. Ukiteremsha jicho katika safu ya kwanza wakuta mamoja, makumi, mamia na maelfu yamechanganyika kama kuku, mbuzi na ng'ombe waliotiwa katika zizi moja. Mtu mwenye haraka akijumlisha kwa kushuka chini hivyo, atapata jibu lisilo na maana. Chukua daftari, uziandike tena ukianzia upande wa kulia, hata 9, 5, 0 na 0 ya mwisho zisimame wima, moja chini ya nyingine. Jumla itakuja bila taabu, nayo ni 1,254. Pana na faida nyingine: hesabu kubwa hutokeza kushoto kupita ndogo, na jicho huuona ukubwa wake hata kabla ya kuisoma.

Hesabu zenye desimali hupangwa kwa kufuata nukta. Nukta zote husimama wima, mamoja yakiwa kushoto kwake na sehemu za kumi kulia kwake. Jambo hili si la urembo. Nukta ni kitu kidogo mno, hufutika kwa wino hafifu au kwa karatasi iliyokunjwa. Dawa ya nusu miligramu ikiandikwa .5, na nukta ikafifia, mgonjwa atapewa miligramu 5, yaani mara kumi ya kipimo chake, na kwa dawa nyingine huo ndio mwisho wa uhai. Kwa sababu hiyo waganga na wauguzi katika nchi nyingi hufundishwa kuandika 0.5, kwa sifuri mbele, wala wasiandike 5.0 pale inapotosha 5, isije ikasomwa 50. Katika safu iliyopangwa sawasawa, nukta ikipotea pengo lake huonekana.

Maneno hayafuati sheria ya tarakimu. Majina huanzia kushoto, kwa kuwa ndiko jicho lianziako kusoma. Wako wapendao kuyaweka katikati ya safu kwa kuona yamependeza. Lakini hapo kila jina huanza mahali pake, na msomaji hulitafuta kila mara upya. Wako pia wayanyooshao maneno hata yaguse kingo zote mbili. Katika ukurasa mpana hili hufaa; katika safu nyembamba huacha mapengo kama kinywa kilichong'oka meno.

Baada ya mahali, umbo. Johannes Gutenberg wa Mainz, katika nchi ya Ujerumani, alipopiga chapa Biblia yake karibu na mwaka 1455, alitumia herufi ndogo za madini zilizopangwa moja moja kwa mkono. Herufi hizo hazikuwa na upana mmoja, kwa kuwa i ni nyembamba na m ni pana, na maneno hupendeza yakiandikwa hivyo. Lakini tarakimu zikiwa na upana mbalimbali, safu haiwezi kusimama: hesabu yenye 1 nyingi itakuwa fupi kuliko hesabu yenye 8 nyingi, ijapokuwa idadi ya tarakimu ni moja. Basi wapiga chapa walizoea kuzipa tarakimu zote upana sawa, wakatengeneza na vipande vitupu vya upana ule ule, ili mahali pasipo na tarakimu pajazwe bila kuisogeza safu.

Kimo nacho kilikuwa na shida yake. Katika mwandiko wa zamani tarakimu 3, 4, 5, 7 na 9 zilishuka chini ya mstari, 6 na 8 zikapanda juu, na 0, 1 na 2 zikawa fupi. Tarakimu za namna hii hukaa vizuri katikati ya maneno, kwa kuwa nazo hupanda na kushuka kama herufi ndogo. Katika karne ya 18, mwishoni mwake, wachonga herufi wa Uingereza walianza kutengeneza tarakimu za kimo kimoja, nazo zikaenea upesi. Zile za zamani hazikufa. Ziko mpaka leo katika herufi za kompyuta ziitwazo Georgia, zilizochorwa na Matthew Carter na kutolewa mwaka 1996. Herufi nzuri sana kwa kusoma hadithi.

Hapana mtu aliyesumbuka na majedwali kama Charles Babbage, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1791. Siku zile manahodha walijua mahali pao baharini kwa kutazama jua, mwezi na nyota, kisha kutafuta hesabu katika vitabu vya majedwali, kama kile kiitwacho Nautical Almanac, kilichotolewa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1767. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Basi tarakimu moja iliyokosewa katika makumi ya dakika huweza kuionyesha meli iko maili kumi mbali na mahali ilipo kweli, na usiku, karibu na miamba, maili kumi ni nyingi. Mwaka 1821 Babbage alikuwa akilinganisha hesabu za nyota pamoja na rafiki yake John Herschel. Hesabu zile zile zilikuwa zimefanywa na watu wawili mbalimbali, na makosa yakawa mengi hata Babbage akatamani kazi ile ifanywe na nguvu za mvuke.

Alijua pia kwamba kosa halitoki kwa mhesabu tu. Hutoka kwa anayenakili, na kwa anayepanga herufi za chapa, na mwisho kwa msomaji ambaye jicho lake limeteleza kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1827 alitoa kitabu cha logarithimu za hesabu kuanzia 1 hata 108,000. Mwaka 1831 akafanya jambo ambalo huenda jirani zake walilicheka: aliagiza kurasa za majedwali zipigwe chapa kwa wino wa rangi mbalimbali juu ya karatasi za rangi mbalimbali, zikajaza vitabu 21, ili ijulikane ni rangi zipi zichoshazo jicho kidogo kuliko nyingine.

Kati ya mwaka 1847 na 1849 akachora mashine kubwa ya kufanya hesabu, tena ya kujipigia chapa majibu yake yenyewe, mkono wa mtu usije ukaingia kati. Katika michoro hiyo mwenye mashine aliweza kuchagua idadi ya safu, upana wa nafasi baina yake, na urefu wa mistari. Tena mashine iliweza kuacha mstari mtupu kila baada ya mistari kadhaa ili jicho lipumzike. Babbage alikufa mwaka 1871 bila kuiona imetengenezwa. Sehemu yake ya kuhesabu ilikamilishwa London mwaka 1991 katika jumba la makumbusho ya sayansi, na sehemu ya kupiga chapa ikafuata baadaye.

Taipureta ya Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1874, ililetea herufi zote upana mmoja, i sawa na m, kwa kuwa mashine ilipiga hatua ile ile kwa kila herufi. Maneno yalipoteza uzuri, lakini safu za makarani zilinyooka. Taipureta nyingi hazikuwa na tarakimu 1; karani alipiga herufi l ndogo badala yake, na jicho halikuona tofauti. Kompyuta huiona. Karani aliyezoea desturi ile akiandika l mahali pa 1, au O mahali pa 0, kompyuta huihesabu kuwa ni herufi, na jumla huja pungufu bila mtu kujua kwa nini.

Siku hizi programu za kuandikia humpa mtu mamia ya herufi za kuchagua. Kosa la wengi ni kuisogeza hesabu kwa kupiga kitufe cha nafasi mara nyingi, hata safu ionekane imenyooka kiooni. Lakini katika herufi nyingi za kompyuta nafasi tupu ni nyembamba kuliko tarakimu, si kama vile vipande vya wapiga chapa wa zamani. Kwa hiyo faili ikifunguliwa katika kompyuta nyingine isiyo na herufi zile zile, safu huyumba. Ajuaye kazi hutengeneza jedwali lenye vyumba, akaiamuru safu ya majina ianzie kushoto na ya hesabu iishie kulia, au ifuate nukta. Huchagua tarakimu za upana mmoja na kimo kimoja. Neno "kilo" au "shilingi" huliandika mara moja tu, juu ya safu, asilirudie katika kila mstari. Na jedwali likiwa refu, huacha nafasi kidogo kila baada ya mistari mitano.