Upele wa mbwa

Mbwa analinda nyumba na kusaidia mwindaji. Lakini akishikwa na upele, watu wanamfukuza. Nani anamtesa hivi? Ni mdudu mdogo sana. Urefu wake haufiki nusu ya milimita. Jike lake linachimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo.

Alama za ugonjwa ni hizi: mbwa anajikuna mchana na usiku. Manyoya yanatoka masikioni, kwenye viwiko na tumboni. Ngozi inakuwa nene, yenye magamba.

Upele huu unaambukiza. Mbwa anampa mwenzake, na mtu anayemshika anaweza kuwashwa vilevile. Basi, mgonjwa afungwe peke yake. Mganga wa nyama atapima dawa. Mbwa wote wa nyumba wapewe, hata wasiojikuna. Dawa irudiwe, kwani mayai yaliyobaki yatazaa wadudu wapya. Matandiko yachomwe moto. Msimpake mafuta machafu ya motokaa: atayalamba, nayo ni sumu.

Mbwa aliyefukuzwa anapeleka upele kwa jirani. Mbwa aliyetunzwa anapona, na manyoya yake yanaota tena.

Maulizo: Nani analeta upele? Sababu gani dawa inarudiwa?