Wewe si Sangwini

Kila semina ya wachumba ikimalizika hapa Bagamoyo, swali huja lile lile: "Mshauri, mimi sangwini, mwenzangu melankoli. Tuoane?" Nimechoka kulijibu faraghani. Swali lenyewe limekosewa.

Haiba nne mnazogawiwa semina, sangwini na melankoli zikiwemo, ni mabaki ya tiba ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliyeamini mwili huendeshwa na majimaji manne: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Tabibu Ibn Sina akaiendeleza, ikafika hadi mwambao wetu. Bibi anayekukataza vyakula vya baridi ukiwa na mafua yumo humo humo. Yeye angalau anakupa chai ya tangawizi. Semina inakupa cheti.

Wundt, aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, alizigusa haiba hizo, lakini akazigeuza vipimo viwili: nguvu ya hisia, na wepesi wake wa kubadilika. Mwanasaikolojia Watson, mwaka 1913, hakutaka hata kusikia habari za ndani ya mtu: nionyeshe anachotenda. Nadharia hii ya semina imeenezwa zaidi na mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, kwa kitabu chake cha 1966.

Mtauliza: "Mbona karatasi ya semina ilinisema mimi kabisa?" Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake dodoso, kisha kila mmoja akapewa majibu "yake": unapenda kukubalika, unajikosoa mno, mara mchangamfu, mara mkimya. Wakayapa wastani wa zaidi ya alama 4 kati ya 5. Kumbe wote walipewa maneno yale yale, aliyoyaokota kwenye kitabu cha unajimu! Msomee jirani karatasi yako, uone atakavyotikisa kichwa.

Haya, upesi. Wachumba, ulizaneni madeni, idadi ya watoto, mama mkwe ataishi kwa nani. Mtazame mwenzako konda wa basi la Makumbusho anapomzidishia nauli. Mnaotaka kupimwa haiba, mwoneni mwanasaikolojia. Vipo vipimo vya viwango, visivyomtia mtu kwenye fungu. Na yule ambaye wiki mbili sasa hali vizuri, halali, hana hamu ya lolote, nanyi mnasema "ndiyo melankoli yake": hiyo huenda ni sonona, na sonona inatibika. Mpelekeni hospitali ya wilaya. Akitamka kwamba anatamani kufa, msingoje kuche.