Vitamini E: Itafute Shambani Kabla ya Kwenda Dukani

Mkulima, huenda umeona vidonge vya vitamini E vikiuzwa madukani, tena kwa bei kubwa. Kabla hujatoa fedha zako, yafaa ujue ya kwamba vitamini hiyo inaota katika shamba lako.

Iligunduliwa mwaka wa 1922 huko Marekani na Herbert Evans na Katharine Bishop. Waliona kwamba panya waliokosa vitamini hii walishika mimba, lakini watoto wakafa tumboni. Walipopewa majani mabichi walizaa vizuri. Katika mwili wa binadamu, vitamini E huzuia mafuta yaliyomo mwilini yasiharibike, na husaidia kupigana na magonjwa.

Mahali pa kuipata

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 hivi kwa siku. Kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti kina miligramu 5 hivi, na gramu 30 za njugu karanga zina 2 hivi. Imo pia katika maparachichi na mboga za majani. Pika mboga kwa mafuta kidogo, kwa sababu vitamini hii haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Saga mahindi bila kuyakoboa, maana ukiyakoboa unaondoa kiini chenye mafuta na vitamini. Njugu zenye kuvu usile, wala usiwape kuku. Zaweza kuwa na sumu.

Angalia vifaranga wako

Chakula cha kuku kikikaa sana mahali penye joto, mafuta yake huchacha na vitamini E hupotea. Vifaranga wa majuma mawili mpaka manne wanaokula chakula hicho huyumbayumba, huanguka, na hupinda shingo. Basi nunua chakula cha kutosha majuma machache tu, kiweke mahali pakavu penye baridi, na wape kuku majani mabichi. Lakini kumbuka, kuku mwenye ugonjwa wa Newcastle pia hupinda shingo. Ukiona dalili hizi mwite afisa wa mifugo upesi, usikisie mwenyewe.

Hatari ya vidonge

Vitamini E ya chakula haidhuru. Ya vidonge ikizidi huweza kuleta kutokwa na damu, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande. Tena, uchunguzi wa wanaume zaidi ya 35,000 uliotangazwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba waliomeza kidonge cha yuniti 400 kila siku walipatwa na saratani ya tezi dume kuliko wale ambao hawakumeza. Kwa hiyo usimeze vidonge hivi mpaka daktari akuagize.

Mtu mwenye afya anayekula vyakula vya namna mbalimbali ni nadra kukosa vitamini E. Panda mistari michache ya alizeti na njugu kando ya mahindi yako, na fedha za vidonge zitalipa karo ya watoto.